Mbayuwayu wa Mwisho: Gilbert White na Dalili za Kwisha kwa Kiangazi

Kuna maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hapa Rwanda hukutana nayo mapema katika mazoezi ya tafsiri, nayo yalinisumbua kwa muda mrefu: kiangazi na vuli. Matini ya Ulaya ikisema kwamba kiangazi kinakwisha na vuli inaingia, kwa Kinyarwanda tunaandika impeshyi na umuhindo, na hakuna anayetukosoa. Miezi inalingana, maana huku na kule mabadiliko hayo hutokea Septemba. Lakini mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba mambo yenyewe hayalingani hata kidogo. Umuhindo kwetu ni kuanza. Vumbi la Agosti linatulia, majembe yanatolewa, maharagwe yanaingia ardhini. Vuli ya Waingereza ni kumaliza: ngano imekwisha kuvunwa, majani yanageuka rangi, ndege wanaondoka. Katika wiki zile zile huku watu wanapanda na kule wanafunga maghala.

Insha hii ni ya historia, si ya tafsiri, lakini ilianzia hapo. Nilitaka kujua Mwingereza wa kawaida wa zamani aliitambuaje vuli. Siyo kwa kusoma kalenda, bali kwa kutoka nje asubuhi. Swali hilo lilinipeleka kwa Gilbert White, kasisi aliyezaliwa mwaka 1720 na kufa mwaka 1793 katika kijiji cha Selborne, mkoani Hampshire, kusini mwa Uingereza. Hakuwa mtu mkubwa. Hakupanda cheo kanisani, hakuoa, na alisafiri mara chache tu tena kwa shingo upande, kwa sababu gari la farasi lilimtia kichefuchefu. Alichofanya ni kuandika. Alianza mwaka 1751 na daftari la bustani yake, na tangu 1768 mpaka siku zake za mwisho akaandika karibu kila siku habari za upepo, mvua, mimea, ndege na wadudu. Kutokana na madaftari hayo na barua zake kwa marafiki wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington, kilitokea kitabu kuhusu Selborne ambacho kimebeba mwaka 1789 kwenye jalada lake na ambacho kinachapwa mpaka leo.

Hoja yangu ni kwamba White aliona vizuri kuliko karibu wote wa wakati wake, na bado swali lililomsumbua zaidi hakulijibu, kwa sababu nusu ya ushahidi ilikuwa ikiruka juu ya mashamba ya watu ambao hawakuwamo katika mjadala. Mashamba ya aina ya haya yetu.

Nianze na fomu yenyewe, kwa kuwa sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kutazama chombo kabla ya kutazama kilichomo. Madaftari ya White tangu 1768 yalikuwa na kurasa zilizochapwa tayari, zilizobuniwa na Barrington, ambaye kazi yake ilikuwa sheria. Ukurasa ulitosha wiki moja. Ulikuwa na safu za kipimajoto, kipimahewa, upepo, mvua kwa inchi, hali ya hewa kwa jumla, miti inayoanza kuchipua, mimea inayoanza kuchanua, ndege na wadudu wanaotokea au kutoweka, kisha mahali pa mambo mengineyo. Mtu akiitazama vizuri ataona kwamba fomu hiyo inapenda mianzo. Jani la kwanza lina safu yake. Jani linaloanguka halina. Vuli inajibana ndani ya neno moja, “kutoweka”, au inasukumwa kwenye mengineyo.

Si Barrington peke yake aliyekuwa na upendeleo huo. Robert Marsham wa Norfolk, ambaye White aliandikiana naye barua katika miaka yake ya mwisho, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za majira ya kuchipua, na kizazi chake kikaendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1958. Ni hazina kubwa, na wanaochunguza mabadiliko ya tabianchi wanaitumia. Lakini ni hazina ya mianzo. Nadhani sababu haikuwa uvivu. Jambo la kwanza lina siku yake: leo nimemsikia ndege fulani, jana hakuwepo, naandika. Jambo la mwisho halina siku mpaka baadaye. Ukimwona mbayuwayu leo, huwezi kujua kama ndiye wa mwisho. Utajua baada ya wiki moja au mbili za kutomwona mwingine, ndipo urudi nyuma kwenye daftari na kusema, kumbe alikuwa yule. Vuli huandikwa kwa kurudi nyuma. Kila anayeiandika lazima kwanza asubiri, na katika kusubiri kuna nafasi kubwa ya kukosea.

Kuna mtego mwingine, wa tarehe. Mwaka 1752 Uingereza iliacha kalenda ya zamani na kufuata ile inayotumiwa leo. Kusahihisha hesabu kulifanyika katikati ya majira haya haya ninayoyazungumzia: Jumatano ilikuwa tarehe 2 Septemba, na Alhamisi iliyofuata ikawa tarehe 14. Siku 11 hazikuwepo. Kwa mkulima hakuna kilichobadilika shambani, lakini kwa mtu anayesoma madaftari ya zamani ni jambo kubwa. Akilinganisha umande wa Septemba 1751 na wa Septemba 1753 bila kukumbuka kalenda, atadhani vuli imesogea kwa wiki moja na nusu.

Mfano mzuri ni tukio ambalo White mwenyewe alilisimulia katika barua ya mwaka 1775, ingawa lilitokea tarehe 21 Septemba 1741, alipokuwa kijana wa miaka 21. Nimelisoma mara nyingi kwa sababu umri ule ni wetu. Aliamka kabla ya mapambazuko akatoka na mbwa kwenda kuwinda. Mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalikuwa yamefunikwa utando wa buibui, tabaka juu ya tabaka, umetota umande kama nyavu za kutega ndege zilizotandazwa juu ya nchi nzima. Mbwa walishindwa kuwinda. Utando uliwaziba macho, wakawa wanalala chini na kujipangusa kwa miguu ya mbele. White akarudi nyumbani. Jua lilipopanda, siku ikawa ya kupendeza, shwari, bila wingu, ya aina ambayo yeye anasema hakuna majira mengine yanayoweza kuileta isipokuwa vuli. Karibu saa tatu asubuhi utando ukaanza kunyesha kutoka juu angani, vipande kwa vipande, ukaendelea mpaka jioni, katika vijiji vilivyo mbali maili kadhaa. White alijua maelezo yake: buibui wadogo katika siku tulivu za vuli hutoa nyuzi na kubebwa na hewa. Hakuona muujiza. Aliona siku moja, akaikumbuka kwa miaka 34.

Sasa tufanye hesabu. Tarehe 21 Septemba 1741 ni ya kalenda ya zamani. Kwa kalenda yetu ni tarehe 2 Oktoba. Siku ile ambayo kwenye karatasi inaonekana kama ukingo wa kiangazi ilikuwa tayari ndani ya vuli, na ule umande mzito haukuwa umewahi.

Hali ya hewa ya mwisho wa kiangazi katika nchi ile ni kigeugeu, na hilo ndilo linalofanya kurasa za White za Agosti na Septemba zipendeze kuliko za miezi mingine, kwa maoni yangu. Ukungu asubuhi, jua kali mchana, radi jioni, kisha siku tatu za baridi zinazomfanya mtu aamini kwamba kiangazi kimekufa, kisha kinafufuka. Vipimo havikumtosha, kwa hiyo alitazama kila kiumbe. Aliyenichekesha zaidi ni kobe. Mwaka 1780 White alirithi kutoka kwa shangazi yake kobe mzee aliyeitwa Timothy, akamleta Selborne ndani ya sanduku la udongo. Kobe yule, licha ya gamba lake la kuzuia hata gurudumu la mkokoteni, alikuwa akiogopa mvua kama bibi harusi anayeogopa kuharibu nguo. White aliona kwamba asubuhi kobe akitembea kwa madaha na kula kwa pupa, mvua itanyesha kabla ya usiku. Mnamo Novemba alijifukia ardhini, na White alifuatilia kujifukia kule kwa makini kuliko watu wengi wanavyofuatilia mazishi. (Gamba la Timothy limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe mjini London, na wataalamu walikuja kugundua kwamba alikuwa jike. Hata mtazamaji hodari ana mambo anayoyapita.)

Kiangazi kimoja kilimshinda kabisa. Mwaka 1783, kuanzia tarehe 23 Juni hadi 20 Julai, Selborne ilifunikwa na ukungu mkavu usiokuwa wa kawaida. Adhuhuri jua lilikuwa limefifia kama mwezi nyuma ya wingu, na lilitupa mwanga wa rangi ya kutu sakafuni. Wakati wa kuchomoza na kuzama lilikuwa jekundu kama damu. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba nyama ya mnyama aliyechinjwa leo haikulika kesho. Nzi walijaa, farasi wakawa karibu na kichaa. Wanakijiji walianza kulitazama jua kwa hofu, na White anakiri kwamba hata waliosoma walikuwa na sababu ya kuogopa. Alijua habari za matetemeko ya Italia ya kusini mwaka ule. Aliandika kila kitu alichokiona, na chanzo hakukijua.

Chanzo kilikuwa Iceland. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ilipasuka katika ufa mrefu wa Laki, ikamwaga moto na gesi ya salfa mpaka Februari mwaka uliofuata. Mifugo ya Iceland iliteketea na njaa ikaua sehemu kubwa ya watu. Huko nako kulikuwa na mchungaji aliyeandika aliyoyaona, Jón Steingrímsson. Fikiria hilo: wachungaji wawili, kila mmoja katika kijiji chake, wakiandika habari ya tukio lile lile katika kiangazi kile kile, mmoja ameshika chanzo na mwingine ameshika matokeo, na hakuna anayejua habari za mwenziwe. Benjamin Franklin, aliyekuwa Ufaransa, alikisia mwaka 1784 kwamba labda ukungu ulitoka kwenye volkeno ya Iceland, lakini hayo yalikuwa makisio ya mtu mwenye marafiki wengi na barua nyingi. Mtu wa Selborne alikuwa na kijiji kimoja. Nimeliweka tukio hili hapa, ingawa ni la katikati ya kiangazi, kwa sababu umbo lake ni lile lile la jambo kubwa zaidi ninalotaka kulieleza, yaani mbayuwayu.

Kwa Mwingereza, kuondoka kwa mbayuwayu ndiyo dalili ya vuli isiyobishaniwa. Kilichobishaniwa ni wanakokwenda. Aristotle aliandika kwamba baadhi yao hujificha mashimoni, wakiwa wamepukutika manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Kiswidi, alichapisha habari kwamba mbayuwayu hukaa kipindi cha baridi chini ya maji na wavuvi huwatoa na nyavu, na kitabu chake kina picha ya wavuvi hao. Ni rahisi kucheka, lakini tusiwacheke upesi. Mbayuwayu hukusanyika kwenye matete kando ya maji jioni za Septemba, maelfu kwa maelfu, na siku moja hawapo tena. Mtu asiyejua kwamba kuna nchi nyingine mbele ya upeo wa macho angesema nini?

Katika karne ya 18 mjadala ulikuwa bado mkali. Barrington, yule wa fomu, alipinga habari za kuhama kwa nguvu zote za mwanasheria. Mfaransa Michel Adanson, katika kitabu chake cha 1757 kuhusu Senegal, alikuwa ameeleza kwamba aliwaona mbayuwayu wa Ulaya huko wakati wa baridi ya kwao, Barrington alimkatalia. White alikaa katikati, na hakukaa vizuri. Upande mmoja alikuwa na ndugu yake John, kasisi wa jeshi huko Gibraltar, aliyewaona ndege wakivuka mlango wa bahari kuelekea kusini kwa wingi usiohesabika. Upande huo huo alikuwa na macho yake mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 1768 alikuwa safarini kuelekea pwani. Ukungu ulikuwa mzito. Ulipoanza kupasuka aliwaona mbayuwayu wengi wametulia juu ya vichaka vifupi vya nyika, kana kwamba walilala pale usiku kucha. Hewa ilipokuwa safi waliruka wote kwa pamoja, bila haraka, wakashika njia ya kusini kuelekea baharini. Baada ya hapo aliona mmoja mmoja tu, wa kuchelewa.

Mtu angedhani hilo lilitosha. Halikutosha, na sababu zake ni za mtu mwangalifu, si za mtu mjinga. Kwanza aliwaona mbayuwayu wachache mnamo Novemba, katika siku zenye joto, wiki kadhaa baada ya wengine kutoweka. Walikuwa wapi katika wiki hizo? Tena wapo wanaoangua kwa kuchelewa, na makinda yao hutoka viotani vuli imeshaanza. Je, kinda wa siku chache aweza kuruka mpaka Afrika? Na teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu wanaofanana na mbayuwayu, huondoka Selborne karibu na tarehe 10 Agosti, wakati joto na wadudu bado wapo. Kama wanaikimbia baridi, mbona wanaikimbia kabla haijafika? Basi White akakubali kwamba wengi huhama, lakini akaendelea kushuku kwamba wengine hubaki wamelala mahali fulani. Aliwatuma watu wapekue vichaka na mashimo ya kilima kirefu chenye msitu kilicho nyuma ya kijiji. Walihangaika, hawakukuta kitu. Akafa mwaka 1793 bila kupata hakika.

Hakika ilikuja kwa njia ya pete ndogo. Mwezi wa Mei mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni karibu na nyumbani kwake. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, na barua ikaandikwa kurudi Uingereza. Ilipita miaka 119 baada ya kifo cha White. Katika historia za sayansi nilizosoma hapa ndipo hadithi inapofika mwisho wake: Ulaya iliuliza, na Ulaya, kwa msaada wa pete yake na posta yake, ikajijibu.

Mimi sioni kwamba imefika mwisho.

Bibi yangu, nyogokuru kama tunavyomwita nyumbani, anaishi juu ya kilima kimoja kusini mwa Rwanda. Hajawahi kusikia habari za Selborne. Nilipokwenda likizo nilikuwa nimejaa habari za White, nikamsimulia Waingereza walivyotafuta mbayuwayu kwenye mashimo. Kwa Kinyarwanda tunamwita intashya. Bibi alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharagwe. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. “Mwanangu, intashya ni wa aina mbili. Wale wanaojenga kwa udongo chini ya paa ni wa hapa. Hawa wanaokaa kwenye waya wakati wa umuhindo ni wageni. Umewahi kuona yai lao?”

Sijawahi. Na hakuna aliyewahi hapa, kwa sababu mbayuwayu wa Ulaya na Asia wakija kwetu, tangu Septemba hivi mpaka Aprili, hawajengi viota. Wanakula, wanabadilisha manyoya, wanaondoka. Kwa macho ya mtu wa Selborne, mbayuwayu ni ndege anayezaa kisha anatoweka. Kwa macho ya mtu wa kilima chetu ni ndege anayetokea na hazai. Kila mmoja ana nusu ya ndege. Zikiwekwa pamoja, nusu hizo mbili zinajibu swali bila pete: ndege asiyezaa hapa ana kwao kwingine, na ndege anayetoweka kule anakula mahali pengine. Sisemi kwamba wageni wa Bibi ni wale wa Selborne hasa; wengi wa Uingereza hufika mpaka Afrika Kusini, na hawa wetu huenda wanatoka nchi nyingine za kaskazini. Wala sidai kwamba mtu wa 1768 kwenye kilima hiki alisema maneno hayo hayo. Ninasema kwamba ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya yeyote mwenye paa na subira, na kwamba watu hao walikuwepo.

Nilipowasilisha wazo hili darasani, mwalimu mmoja aliniuliza swali la haki: mwaka gani? Bibi yako aliona nini, mwaka gani, tarehe gani? Bila hayo una hadithi, huna chanzo. Sikuwa na jibu, nikarudi kijijini kulitafuta.

Ilikuwa hivi. Kuna mwaka ambao mvua mbili nzuri zilinyesha mapema Septemba. Baba akapanda maharagwe, na majirani wengi pia. Bibi hakupanda. Alisema wageni hawajafika, basi mvua haijafika, hiyo ni ya kudanganya. Jua likarudi likawaka zaidi ya wiki mbili, mbegu zikaoza na kukauka, na Baba akalazimika kununua nyingine kwa mkopo. Nyumbani hadithi hii inasimuliwa sana, na Bibi hutoka akiwa mshindi. Lakini nilipombana, alikubali kwamba kuna mwaka mwingine ambao wageni walijaa kwenye waya, akapanda kwa ujasiri, na mvua ikakatika vilevile. Huo hausimuliwi. Mwaka gani? “Mwaka mjomba wako alipouza ng’ombe mwekundu.” Mjomba aliuza ng’ombe kulipa ada yangu nilipoingia mwaka wa nne wa sekondari. Kwa njia hiyo tukaupata mwaka. Kwa njia hiyo hiyo, kwa ndoa, vifo, ng’ombe na paa zilizoezuliwa, tulipanga misimu tisa. Katika sita kati yake anakumbuka kama wageni walitangulia mvua au walifuata. Katika mitatu hakumbuki, na mmoja wa ile sita aliutaja mara mbili kwa namna mbili tofauti. Ameanza kuchanganya. Nilikaa kimya, sikumsahihisha.

Kwa maoni yangu wageni hawaitabiri mvua. Wanafuata wadudu warukao, na wadudu hufuata unyevu; wakituama kwenye kilima chetu, pengine maana yake ni kwamba mvua imeshanyesha vizuri mahali fulani karibu. Hiyo ni dalili yenye thamani, lakini ni dalili inayokosea, na ili kujua inakosea mara ngapi lazima makosa nayo yaandikwe. Hapo ndipo ninapomheshimu White kuliko nilivyomheshimu nilipoanza. Hakuandika tu siku alizokuwa sahihi. Aliandika Novemba zilizomharibia hoja.

Septemba iliyopita nilinunua daftari la kurasa 96 na nikachora safu kwa rula: tarehe, mvua, upepo, waya, mengineyo. Sina kipimajoto. Kipimamvua ni kopo lililosimamishwa juu ya jiwe, mbali na mti wa parachichi. Binamu yangu wa miaka 12 huandika ninapokuwa chuoni, na Bibi humwambia aandike nini. Safu ya waya ilianza na ndege watatu, ikafika mahali ambapo binamu ameandika “wengi mno” na kukataa kuhesabu. Mnamo Aprili idadi ikaanza kushuka: kumi na tisa, nane, nane, wawili. Kisha siku moja nikapigiwa simu jioni, nikiwa katikati ya mitihani. Alikuwa Bibi.

“Leo sijawaona,” akasema. “Lakini usiandike bado.”